Mtaa Ulioandikwa Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Ofisi ya shirika iko ghorofani, juu ya duka la vioo, na ukipanda ngazi unajiona mara nane kabla ya kuufikia mlango. Mimi sipendi kujiona hata mara moja, kwa hiyo nilipanda nikitazama viatu.

Aliyeniombea nafasi ni Shangazi, dada yake baba. Anaishi nasi tangu nikiwa darasa la pili, na ana miaka kumi na miwili akiongoza kitalu cha miche cha shirika. Kazi yangu ni ya kujitolea kwa miezi mitatu. Shule nimemaliza, matokeo bado, na Mama amechoka kuniona nikifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Waliopo ni sita, nami wa saba. Kuna Mkurugenzi, mwanamke mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambaye huitafuta ya tatu. Kuna Katibu, anayeshughulikia matangi ya maji ya mvua kwenye zahanati. Kuna Mwalimu mstaafu wa vilabu vya shule. Kuna Shangazi. Kuna dereva, ambaye kila mtu anamwita Redio kwa sababu hazimiki. Aliponisalimia nikaitikia kwa sauti iliyoishia kooni, naye akasema, "Basi mimi Redio, wewe Kimya. Tutakwenda sawa." Kabla ya chakula cha mchana jina lilikuwa limekwisha kunishika.

Wa mwisho ni Fundi, mwashi, msimamizi wa mitaro. Shikamoo yangu aliipokea akiwa amenipa mgongo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepanga mafaili. Nimepiga chafya mpaka Mwalimu akaniuliza kama kwetu wote tuko hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kulikuwa na kikao, na nilidhani nitatumwa chai tu. Sivyo.

Mkurugenzi alibandika ukutani karatasi tisa, kila moja na kazi moja ya shirika, akasema mwaka jana tulizifanya zote tisa na hakuna hata moja anayoweza kuieleza mbele ya watu bila kuona haya. Akasema mvua zamani zilikuja zikakaa, siku hizi zinachelewa, halafu zinamwaga ya mwezi mzima kwa mchana mmoja. Kiangazi nacho kinarefuka. Watu saba wenye gari moja hawawezi kupambana na tabianchi yote. "Tumekuwa kama mtu mwenye jiko moja na vyungu tisa," alisema. "Kila chungu kina uvuguvugu, hakuna kilichoiva. Mwezi wa nne ukiisha tutabaki na kazi tatu."

Mbili zilikufa palepale, majiko ya jua na gazeti la ukutani, na hakuna aliyezililia. Zikabaki saba: kitalu, mitaro, matangi, vilabu, majiko ya kuni chache, plastiki, na mikutano ya Jumamosi.

Kisha Mkurugenzi akaeleza utaratibu wake. Hakuna atakayetetea kazi yake mwenyewe. Kila mtu ataokota karatasi kwenye kofia ya Redio, na kazi atakayoiokota ndiyo atakayoichunguza kwa wiki saba na kuitetea siku ya uamuzi. Atakayeokota yake atairudisha. Na siku ya kura, kila mtu atachagua tatu, lakini kazi yake ya kila siku haruhusiwi kuipigia. Anasema mama hamsifu mwanawe mbele ya posa. Anayesikilizwa ni jirani.

Nilisubiri niambiwe nitoke. Mkurugenzi akanisogezea kofia. "Na wewe. Wewe ndiye hujaipenda kazi yoyote hapa bado."

Redio aliokota kitalu. Shangazi aliokota vilabu. Mimi niliokota mitaro. Nilipoinua macho Fundi alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa kitoto kikamwombee mkopo.

Tukiwa njiani kurudi, Shangazi alinishika mkono akacheka: "Maskini Fundi." Kisha akasema kitalu hakina wasiwasi, kila mtu anapenda mti. Nilicheka naye. Sasa naandika na sicheki tena, kwa sababu nimehesabu: zinabaki tatu, na nikiitetea mitaro vizuri inaweza kukalia nafasi ya kitalu. Nikiitetea vibaya nitakuwa nimedanganya watu sita.

Ijumaa, 7 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Fundi amenipa daftari la mitaro. Alilitua mezani akasema, "Karatasi hiyo," akaondoka. Amesema zaidi ya hapo tangu Ijumaa? Hapana.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika linaikopesha kila mtaa wa bondeni toroli, makoleo na reki, watu wanasafisha mtaro wao, na kila mwisho wa mwezi wanaandika magunia ya taka na tope waliyotoa. Mitaa ni kumi na minne. Nimekaa siku nzima kulisafisha daftari. Mtaa wa kwanza unaongoza, magunia arobaini kwa mwezi, na picha zao zimebandikwa pale mlangoni, wamesimama juu ya lundo wakicheka. Mtaa wa kumi na mbili una sifuri. Mwezi uliofuata sifuri. Miezi kumi na minne ya sifuri, kwa mwandiko uleule mzuri, kama mtu anayejivunia.

Nilitengeneza orodha mpya kwa rula na kalamu mbili, na mtaa wa kumi na mbili nikaupigia mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: "Haufanyi kazi. Vifaa vihamishwe." Mkurugenzi akasoma, akasema hii ndiyo akili aliyokuwa akiitafuta, akatia sahihi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimerefuka.

Alhamisi, 13 Machi

Redio na Fundi wamekwenda kuchukua vifaa vya mtaa wa kumi na mbili na kuvipeleka mtaa wa kwanza. Mvua ya kwanza imeanguka saa kumi, nyembamba.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Shangazi ameamka mapema kwenda kufunika miche. Ana mikono inayojua kila kifuko kimekaa wapi.

Jumanne, 18 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa ingawa sitaki.

Saa nne mwanamke alipanda ngazi kwa kishindo mpaka vioo vya chini vikalia. Mfupi, tepe ya kupimia shingoni, pini mbili zimechomekwa kifuani. Hakusema hodi. Aliuliza ni nani aliyeukata mtaa wa kumi na mbili. Chumba kizima kikawa na shughuli. Mimi nilifungua faili na kuanza kulisoma kwa makini, na lilikuwa tupu.

Alisema yeye ni fundi cherehani wa mtaa huo, na kwa miaka miwili hakuna nyumba kule iliyoingiwa na maji. Sasa wameporwa makoleo kama wezi, mvua imeanza, mtaro unajaa, na watu wanauliza kosa lao ni nini. "Mmeandika sisi wavivu," alisema. "Nani ameandika? Aje aniambie usoni."

Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka. Miguu ilikuwa mbali sana na mimi.

Fundi ndiye aliyesimama. Akasema vifaa alivichukua yeye na lawama ni zake. Yule mama akampa zake, kwa utulivu na kwa mpangilio, kama anayeshona upindo. Alimwambia kwamba mwashi asiyetofautisha mtaro safi na mtaro uliosahauliwa anafaa kujenga makaburi, maana wateja hawalalamiki. Fundi alisema, "Ndiyo, mama." Hakunitazama hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitazama ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia. Nilimfuata stoo anakopanga mifuko ya saruji, nikasema mstari mwekundu ulikuwa wangu na jana nilinyamaza.

Akasema anajua, mwandiko wa rula ni wa nani mwingine? Nikamuuliza kwa nini alijitwika. Alipangusa mikono. Kisha akasema daftari la magunia alilibuni yeye mwenyewe, miaka mitano iliyopita, na kwa miaka mitano hakuwahi kuuliza sifuri maana yake nini. "Wewe umepiga mstari tu. Njia ya kupita huo mstari nilikuwa nimeichora mimi."

Sentensi mbili kwa mpigo. Nilipomsimulia Redio hakuamini.

Alhamisi, 20 Machi

Tumerudisha makoleo, Fundi na mimi, kwa miguu, tukisukuma toroli.

Mtaa wa kumi na mbili ni mwembamba, nyumba zimetazamana, mtaro katikati. Yule mama mshonaji ameweka cherehani yake barazani mahali ambapo akiinua macho anauona mtaro wote toka juu hadi chini. Nilimsalimia, nikamwambia, na kila neno lilitoka kama jino. Alinisikiliza huku anatia uzi. Kisha akasema, "Kaa."

Nilikaa karibu saa moja. Kila nyumba inasafisha hatua nne za mtaro mbele ya mlango wake kila asubuhi kabla ya kufagia ndani. Asiyefanya hasemwi, jirani anamfanyia, na jirani huyo anafanya polepole, huku anaimba, mpaka mwenyewe anatoka kwa aibu. Juu kabisa, mtaro unapoingia mtaani, wameweka chekecheke waliyoisuka kwa nyaya za kitanda kikuukuu, inazuia chupa na majani. Tope linalobaki ni koleo moja, koleo mbili. Linatandazwa kiwanjani. Halijai gunia.

Mwisho wa mwezi mama huyu anaulizwa magunia mangapi. Ni mtu wa kweli. Anaandika sifuri.

"Tulidhani mnafurahi," alisema. "Tulidhani sifuri ndiyo maksi ya juu."

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye ile chekecheke anaikagua kwa vidole. Alikaa pale hadi magoti yakamlia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua asubuhi. Nimekwenda mtaa wa kwanza, wa magunia arobaini. Wenyewe ni wachangamfu, walinipa kiti. Nikawauliza taka zote zile zinatoka wapi. Kijana mmoja akacheka: kutoka kwetu. Mwezi mzima wanatupa mtaroni, maana Jumamosi ya mwisho kuna siku ya magunia, na siku hiyo kuna picha.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Kitabu hiki kimelowana pembeni.

Jumatano, 2 Aprili

Chakula cha jioni kimekwenda vibaya. Mama aliniuliza utetezi unaendeleaje na mimi, ambaye kwa kawaida ni kijiko tu kinachosikika, nikaanza kueleza. Nikaeleza chekecheke, hatua nne, jirani anayeimba. Nilipomaliza Mama alikuwa ameacha kula na Shangazi alikuwa anaosha sahani ambayo ilikuwa haijatumika.

"Umeipenda," alisema, bila kugeuka.

Nikasema ni kazi nzuri.

"Na kitalu si kazi nzuri?"

Mama akaingilia, wifi mwache mtoto. Shangazi akasema hamwonei mtoto, anauliza tu. Alisema amebeba maji ya kile kitalu kichwani miaka mitatu kabla bomba halijafika. Alisema miche ile aliilea wakati mimi nina surua, alikuwa akitoka kwenye godoro langu anakwenda kuimwagilia, anarudi. Ni kweli yote.

Alhamisi, 3 Aprili

Hatukupanda ngazi pamoja.

Jumatano, 9 Aprili

Mchana wa leo ndio ule ambao Mkurugenzi huusema, wa mwezi mzima kwa mara moja.

Ilianza saa sita. Saa saba hatukuona duka la ng'ambo. Maji yalikuwa yakishuka barabarani yakiwa na rangi ya matofali, na Redio, ambaye husema kila kitu, alisimama dirishani kimya. Fundi akachukua koti lake. Mimi nikachukua la Katibu bila kuomba.

Tulianza na mtaa wa kwanza. Maji yalikuwa magotini. Mtaro ulikuwa umeziba kabisa, umejaa yale ambayo yangekuwa magunia arobaini ya mwezi huu, na maji yakatafuta njia nyingine, yakaipata milangoni. Watu walikuwa wakipandisha magodoro juu ya meza. Yule kijana wa picha alikuwa amembeba bibi yake mgongoni, na bibi alikuwa amebeba jiko. Fundi aliingia mtaroni hadi kifuani akaanza kuchomoa taka kwa mikono. Mimi nilipokea. Sijui tulitoa mangapi, hakuna aliyehesabu. Ilipofika saa tisa na nusu kitu kilitoa sauti ya kumeza, maji yakaanza kwenda.

Kisha Fundi akasema twende kumi na mbili. Meno yangu yalikuwa yanagongana. Nilijua anachotaka kuona, na niliogopa kuliko yeye, maana tulikuwa tumewaacha wiki nzima bila makoleo, kwa rula yangu.

Mtaro ulikuwa umejaa hadi ukingoni. Maji yalikuwa yakikimbia kwa kasi, laini, yana sauti kama kitambaa kinachochanwa. Lakini yalikuwa yanakimbia. Juu, kwenye chekecheke, wanawake wawili na mzee mmoja walikuwa wakipokezana reki, kila mmoja dakika zake, wanavuta majani wanatupa pembeni. Mama mshonaji alikuwa mlangoni kwake amesimama na kipande cha chaki ya kushonea. Alikuwa anachora mstari kwenye ngazi kila maji yanapopanda. Mstari wa juu kabisa ulikuwa vidole vitatu chini ya kizingiti.

Vizingiti vyote vilikuwa vikavu. Nilikwenda mlango kwa mlango, nyumba ishirini na mbili, nikigonga na kuuliza maji yamefika wapi. Sikufikiri kama naona haya. Nimelifikiri sasa hivi, naandika, na uso umenipata moto.

Tuliporudi Fundi alisema, "Hicho ndicho tulichopaswa kuhesabu." Nikasema kipi. Akasema, "Walipolala. Kama wamelala kwenye vitanda vyao."

Alhamisi, 10 Aprili

Homa. Shangazi amekaa nami mchana kutwa. Amenikanda miguu. Hakutaja mitaro wala kitalu, na mimi sikutaja. Alisema tu nisimzoee yule Fundi, hajui kwamba watu wengine wana mapafu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepona. Nimepita mitaa yote kumi na minne na chaki. Nauliza kila nyumba ya mwisho, ya katikati na ya kwanza: Jumatano ile maji yalifika wapi? Wanaonyesha kwa mkono, nachora. Ukiweka mistari hiyo kando ya daftari la magunia, inakwenda kinyume. Wenye magunia mengi ndio walioloa zaidi.

Jumatano, 16 Aprili

Redio ananiuliza atasema nini kuhusu kitalu. Anazunguka nacho moyoni wiki nzima, anakipenda kweli. Nimemwambia aseme anachokiona akiendesha. Sikujua nilichokuwa nakisema.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua, ya adabu.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku yenyewe.

Mwalimu aliyatetea majiko, Katibu plastiki, wote kwa haraka, kama watu wanaotoa pole. Mkurugenzi aliyatetea matangi na hakuhitaji maneno mengi. Zahanati mbili zilikuwa na maji kiangazi chote. Fundi aliitetea mikutano ya Jumamosi kwa sentensi tatu, ya tatu ikiwa kwamba haitetei. Shangazi alivitetea vilabu vya shule vizuri mno. Alisema alikwenda akitarajia watoto wa kuimba nyimbo za mazingira, akakuta watoto wanaopima mvua kwa kopo na rula kila asubuhi na kubishana kuhusu nusu milimita.

Redio akasimama kwa ajili ya kitalu. Alivua kofia. Alisema yeye anaendesha katika mji huu kila siku, na miaka kumi iliyopita mtu akitaka mche ilibidi aje kwetu. Leo kila kona anayopita kuna mtu ametandaza miche anauza: mipapai, miembe, ya kivuli, ya uzio. Amesimama akawauliza mmoja mmoja wamejifunza wapi. Amehesabu kumi na mmoja, na wote walimwambia, kwa yule mama wa kitalu. "Huyu mama," alisema Redio, "ameujaza mji huu miche."

Tukapiga makofi. Na katikati ya makofi niliona uso wa Shangazi. Alikuwa amesikia upande wa pili wa sifa ile, na sote tulikuwa tumeusikia isipokuwa Redio. Mji ukiwa umejaa miche, kitalu chetu ni cha nini?

Kisha mimi. Nilianza na Mkurugenzi akaniomba niinue sauti. Nikainua, bado. Redio akainuka akazima feni. Joto likaingia, na kukawa kimya kiasi kwamba sikuwa na mahali pa kujificha. Nikasema nianze na kosa langu. Nikawaeleza mstari mwekundu, na kwamba siku mama mshonaji alipokuja nilijificha kwenye faili tupu. Nikaonyesha mistari ya chaki. Nikasema tumekuwa tukiwapa vifaa na picha wanaojaza mitaro, na tukawanyang'anya wanaoiacha wazi, kwa sababu tulihesabu kinachoonekana. Tukiibakisha kazi hii, tusihesabu magunia. Tuhesabu vizingiti vikavu. Na anayepaswa kufundisha mitaa mingine si sisi, ni mtaa wa kumi na mbili.

Nilikaa. Fundi alikuwa anatazama sakafu, masikio yake yamekuwa kama ya mtoto aliyesifiwa.

Kura: karatasi tatu kila mmoja. Mitaro niliandika. Matangi niliandika. Karatasi ya tatu niliishika hadi ikalowa jasho. Nilimwona Shangazi akitoka kwenye godoro langu la surua kwenda kumwagilia. Niliona kona kumi na moja. Niliona watoto wakibishana kuhusu nusu milimita. Nikaandika.

Mkurugenzi alisoma: matangi sita, mitaro sita, vilabu nne, kitalu tatu, majiko moja, plastiki moja. Kwa hiyo wote walioruhusiwa kuipigia mitaro waliipigia, na Shangazi ni mmoja wao. Na kitalu kimeanguka kwa karatasi moja. Karatasi yangu ya tatu iliandikwa vilabu.

Jumamosi, 26 Aprili

Shangazi ameamka saa kumi na moja, kama kawaida, amekwenda kumwagilia.

Jumapili, 27 Aprili

Tangu kura hatuzungumzi. Mama anatuhudumia chakula kama anayelisha nchi mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimfuata kitaluni. Alikuwa anang'oa magugu kwenye vifuko, kimoja kimoja. Nikachuchumaa karibu naye nikang'oa pia. Baada ya safu nzima nikamwambia: Shangazi, karatasi moja ile ilikuwa yangu.

"Najua," alisema. "Nilikusoma usoni. Wewe ukificha kitu shingo inapata madoa."

Nikaomba radhi. Akasema nisiombe radhi kwa jambo ambalo ningelirudia kesho. Alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akanyoosha miguu. Akasema ilimuuma, bado inamuuma, na asingependa mtu amwambie isimuume. Akasema mwaka wa tatu sasa alikuwa akiona miche yetu inachelewa kuchukuliwa, akajiambia ni mvua, ni joto, ni watu. "Nilikuwa nashindana na wanafunzi wangu, mama. Mwalimu gani huyo?"

Nikasema ukweli, kwamba niliogopa angedhani simpendi.

"Ungenipa ile karatasi ningejua unanipenda. Hilo nilikuwa nalijua tayari. Sikuwa najua kama unaweza kusimama." Kisha akanisukuma kichwa kwa mkono wenye udongo, na nimekwenda kazini nikiwa na udongo kwenye nywele.

Jumanne, 6 Mei

Shangazi amewaita wauza miche wote kumi na mmoja. Wamekuja kumi na watatu, maana wawili hata yeye hakuwa na habari nao. Amewagawia kila kitu: vivuli vya neti, mbegu, ndoo za kumwagilia, miche mama ya kuzalishia mingine, aliyoitunza miaka minane. Mwanamke mmoja alilia, na Shangazi akamwambia alie baadaye, sasa ashike upande ule wa neti. Kila mmoja alipewa na onyo lake: huyu asimwagilie mchana, yule aache kupandisha bei kila mtu mwenye viatu akipita. Walicheka, wakaondoka wamejitwisha.

Jioni kiwanja kilikuwa kitupu, mistari ya vifuko ikionekana ardhini. Alikifagia.

Ijumaa, 9 Mei

Mkurugenzi amemuuliza Shangazi anataka kuhamia wapi, kati ya tatu. Amesema mitaro. Ofisi nzima ikamtazama Fundi, Fundi akatazama dari.

Mtaa wa kumi na mbili umeanza kufundisha mtaa wa kwanza. Mama mshonaji amekwenda mwenyewe na tepe yake. Nasikia yule kijana wa picha tayari anamwogopa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinaishia. Tumekuwa mtaa wa kwanza tangu saa moja, Fundi, Shangazi na mimi. Kuna kipande cha mtaro kilichojengwa kikiwa na kitako, maji yanatuama pale, kwa hiyo lazima kipewe mteremko upya. Shangazi amekuja na buti za kitaluni na maoni.

Alisema ukingo ule unataka majani ya kushika udongo, la sivyo saruji itabebwa mwaka ujao. Fundi akasema kwanza mteremko. Shangazi akasema kwanza mizizi. Wakaenda hivyo robo saa, mbele ya mtaa mzima, mpaka bibi mmoja akaleta stuli akakaa kuangalia. Mwishowe Fundi akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba majani atayapanda wapi na lini ni juu ya Shangazi, yeye hana ujuzi huo na atamsikiliza. Lakini leo ni siku ya uzi wa kupimia mteremko.

Nikaona shingo ya Shangazi inapata madoa, kama yangu.

Kisha akachuchumaa kwenye mtaro, akashika ncha ya uzi. Fundi alisogea hadi upande wa pili, akaushika wake, akafumba jicho moja.

"Shusha kidogo, dada."

Shangazi akashusha.